Kalori za sahani tuanze kuzihesabu kwenye gunia na dumu la mafuta

Katika hoteli nyingi kati ya Jinja na Mbale, menyu ni mdomo wa mhudumu. Mteja anaketi, anauliza kuna nini, na jibu linakuja kwa pumzi moja: matooke, posho, wali, viazi, kalo, mchuzi ni maharage, nyama, kuku, samaki, karanga. Bei ni ya mchuzi, si ya chakula. Ukiagiza nyama, mpishi anakupakulia karibu kila kilichopo, kijiko kikubwa cha hiki na kijiko kikubwa cha kile, na akikuona umechoka na safari anakuongezea bila kuulizwa.

Sasa bandika ukutani hapo karatasi inayosema kwamba sahani ya nyama ina kalori 850. Ni sahani ipi hiyo? Ya mteja wa saa sita mchana, matooke yakiwa bado ya moto na mengi? Au ya dereva aliyefika saa kumi, matooke yamekwisha, akajaziwa wali na posho ili asinung'unike?

Tunaanza na karatasi hiyo ya ukutani kwa sababu mjadala wa lebo za lishe umekwisha kuingia Afrika Mashariki. Kenya imekuwa ikiandaa vigezo vya alama za kuwekwa mbele ya pakiti, kumwonyesha mnunuzi chakula chenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi. Chile ilianza jambo hilo mwaka 2016 kwa alama nyeusi za pembe nane, na nchi nyingi zimeifuata. Swali linalofuata ni rahisi kulitabiri. Ikiwa pakiti ya biskuti italazimika kusema kilichomo ndani yake, kwa nini sahani ya hotelini isiseme?

Msimamo wa gazeti hili ni kwamba swali hilo ni halali, na jibu lililotungwa kwa ajili ya London au New York halitufai likiletwa lilivyo. Kwanza lisemwe kwenye gunia la unga, dumu la mafuta na pakiti ya viungo, vitu ambavyo ninyi wasomaji wetu mnavivusha mpakani kila siku, na kanuni yake iwe moja pande zote mbili za mpaka. Namba za menyu zije baadaye, na zianze na wale wenye uwezo wa kuzipima.

Nchini Marekani, sheria ya kuandika kalori kwenye menyu ilianza kutekelezwa nchi nzima Mei 2018, nayo inahusu migahawa yenye matawi 20 au zaidi yanayotumia jina moja. Uingereza ilianza Aprili 2022, kwa upande wa England, na huko kanuni inahusu biashara zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Menyu zao hutakiwa pia kumkumbusha mteja kwamba mtu mzima anahitaji kalori 2,000 hivi kwa siku. Tazama namba hizo mbili za mwanzo: matawi 20, wafanyakazi 250. Hata wenzetu wenye maabara kila mji hawakuthubutu kumgusa mwenye jiko dogo. Walijua kwamba asiyepika kwa vipimo hawezi kuandika namba ya kweli, na namba ya uongo ni mbaya kuliko ukuta mtupu.

Ukichukua vigezo hivyo ukapita navyo Iganga, Nakalama, Tirinyi, Budaka hadi Mbale, utafika mwisho wa safari bila kumpata mtu wa kumpelekea barua. Sheria itakuwepo kwenye vitabu na barabarani hakutabadilika kitu. Ukiamua kushusha kigezo ili kimfikie mama mwenye meza tano karibu na stendi, utakuwa umempa mkaguzi wa jiji sababu mpya ya kuomba kitu kidogo. Wafanyabiashara wanaujua mchezo huo bila kuelezwa.

Na hata kule inakotekelezwa, faida yake ni ndogo kuliko kelele zake. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane Januari 2025 yalikuta kwamba kuandika kalori kwenye menyu hupunguza kile watu wanachochagua kwa asilimia 1.8 hivi. Kwa mlo wa kalori 600, hizo ni kalori 11. Si sifuri, na kwa nchi yenye watu wengi wanaokula mikahawani kila siku, hata kidogo kidogo hujaza kibaba. Lakini iweke hiyo 11 akilini tunapokwenda kwenye rolex.

Rolex ni fahari ya mashariki ya Uganda, hata kama Kampala inapenda kuidai. Wauzaji wa chapati kutoka Busoga ndio wanaotajwa mara nyingi kuwa waliifikisha kwa wanafunzi wa Makerere, na jina lake ni mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, kwa Kiingereza kilichosemwa haraka. Tufanye hesabu yake, maana haihitaji maabara. Unga wa ngano gramu 100 una kalori 360 hivi. Mayai mawili yanaleta kama 150. Nyanya, kitunguu na kabichi hazina uzito katika hesabu hii. Yanabaki mafuta: gramu moja ya mafuta ni kalori tisa, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120. Rolex ya kijiko kimoja ni kalori 630. Ya vijiko viwili ni 750. Ya vijiko vitatu, ile inayolowesha gazeti ililofungiwa, ni 870. Ni chapati moja, mayai yale yale, bei ile ile. Mkono wa mpishi peke yake umebadilisha kalori 240, na namba ukutani ingebadilisha 11.

Kuna kituko kimoja hapa. Mwaka 2021, vijana wa Uganda waliandaa rolex kubwa kuliko zote duniani, ya zaidi ya kilo 200, na ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Kwa kuwa ilikuwa ya rekodi, kila kitu kilihesabiwa. Taarifa zilieleza kwamba ilitumia mayai 1,200, unga kilo 72, mboga kilo 90 na mafuta ya kupikia kilo 40. Ndiyo rolex pekee tunayoijua ambayo mlaji wake angeweza kuambiwa kilichomo. Kilo 40 za mafuta! Ile unayonunua asubuhi ukisubiri gari la Busia haina karatasi, lakini huenda kwa uwiano haitofautiani sana na hiyo.

Kwa nini jambo hili liwahusu watu wa mpakani hasa? Kwa sababu mkulima wa Sironko anakula nyumbani, na karani wa Mbale anaweza kurudi kwake mchana. Mfanyabiashara wa kuvuka mpaka anakula barabarani. Chai na chapati kabla ya kupambazuka, rolex au kikomando katikati, soda kwa sababu maji ya hapo hayaaminiki, mlo mzito usiku mizigo ikishapokelewa. Kati ya hapo ameketi: kwenye basi, kwenye lori, kwenye benchi la forodha. Baada ya miaka kumi ya maisha hayo mtu anaanza kuumwa kichwa asubuhi na kulaumu vumbi.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na walio wengi sana kati yao hawakuwa na habari. Mtaji wa mfanyabiashara mdogo ni mwili wake. Akipata kiharusi Malaba, hakuna kampuni ya bima itakayolipa marejesho ya kikundi chake cha akiba, na mtoto wa sekondari anaondolewa shule mwezi huo huo.

Hata hivyo lazima tuseme na upande wa pili, kwa sababu wapenzi wa sheria za kalori huusahau. Takwimu za afya na idadi ya watu za Uganda za mwaka 2016 zilionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya wanne hivi, asilimia 24, alikuwa na uzito uliozidi. Takwimu hizo hizo zilionyesha kwamba asilimia 29 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Vyote viwili viko katika nchi moja, mara nyingine katika nyumba moja. Mpagazi anayepakua magunia ya mahindi pale Busia akiona namba 870 ukutani, hataikimbia. Ataitafuta. Kwake hiyo ni thamani ya pesa yake: nguvu nyingi kwa shilingi chache. Dereva wa lori aliyekaa siku tatu kwenye foleni akiiona, anapaswa kuiogopa. Ukuta hauwezi kusema na wote wawili kwa namba moja, na mwenye hoteli hana muda wa kufafanua.

Kinachowadhuru wote wawili, mpagazi na dereva, ni chumvi iliyozidi na mafuta yaliyokaangiwa mara nne. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo ni pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate, ndani ya mchuzi na ile unayonyunyiza mwenyewe. Siku hizi mchuzi wa hoteli unapikwa kwa unga wa viungo wa pakiti. Soma nyuma ya pakiti hiyo. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikianza. Mara nyingi chumvi utaikuta juu kabisa au karibu na juu. Kisha mpishi anaongeza chumvi yake, na juu ya meza kuna kikopo kingine.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye gunia na dumu.

Afrika Mashariki imewahi kushinda vita vya lishe, na ilivishinda bila kubandika karatasi kwenye ukuta wa hoteli hata moja. Zamani rovu, ule uvimbe wa shingo, lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wengi, hasa wa milimani. Katika miaka ya 1990 Uganda iliamua kwamba chumvi yote ya kuliwa iwe na madini joto. Haikumwambia mama wa jikoni apime kitu. Haikumwambia mteja asome. Ilikwenda kwa wenye chumvi, viwandani na mipakani, ikawaambia kwamba isiyo na madini joto haiingii. Leo karibu kila nyumba nchini ina chumvi hiyo, na mlaji hana hata haja ya kujua.

Mwaka 2011 Uganda ikajaribu njia hiyo hiyo kwa unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kupikia, ikiagiza viwanda vikubwa viongeze vitamini na madini. Mafuta na ngano vilikwenda vizuri kiasi, kwa kuwa vinatoka viwanda vichache. Mahindi yalikwama, maana agizo linahusu kiwanda kinachosaga zaidi ya tani 20 kwa siku, na posho ya Busoga na Bugisu inasagwa kwenye vinu vidogo mtaani. Tunalitaja ili ionekane kwamba kuanzia juu nako kuna mipaka yake. Pamoja na hayo, viwanda vichache ni rahisi kuvisimamia kuliko vibanda elfu kumi.

Chukua mafuta. Kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta ya mawese kiko pale pale Jinja, na mafuta mengine yanaingia kupitia Malaba na Busia. Yanapotoka kiwandani yana lebo: jina, uzito, tarehe, anwani ya mtengenezaji, vitamini A. Yanafika kwa muuza jumla wa Mbale kwenye dumu la lita 20. Hapo lebo inaishia. Mwenye kibanda hanunui dumu. Anapimiwa kikombe, au nusu lita ndani ya chupa iliyokuwa ya maji, na wengine wanafungiwa kwenye kaveera. Kwa hiyo yule anayekaanga chapati zako hajawahi kuiona lebo ya mafuta anayotumia. Hajui kama ni mawese au alizeti, hajui yaliisha muda lini. Tunamtaka aandike kalori za chapati wakati sisi wenyewe hatujamwambia kilichomo kwenye chupa!

Pendekezo letu la kwanza ni dogo na halina gharama ya kutisha. Kila duka linalopima mafuta, unga, chumvi au viungo kwa rejareja litundike lebo ya dumu au gunia linalopimiwa, mahali mnunuzi anapoiona, na kwa lugha anayoisoma. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini ukitembea kwenye maduka ya Mbale lebo nyingi bado ni za Kiingereza kitupu. Maneno matatu yangetosha kuanzia: chumvi, sukari, mafuta, na kiasi chake kwa kila gramu mia.

Pendekezo la pili linaihusu Arusha, na hapa tunaomba wafanyabiashara wasikilize kwa makini kwa sababu ni mfuko wao.

Aliyekuwa na mahindi barabarani mwanzoni mwa Machi 2021 hajasahau. Ijumaa ya tarehe 5, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani. Tarehe 10 marufuku iliondolewa na badala yake yakaja masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ijulikane mahindi yametoka wapi na yalihifadhiwa wapi. Sumukuvu ni sumu kweli, inaharibu ini, na gazeti hili halitamtetea anayeuza mahindi yenye ukungu. Lakini kiwango chenyewe hakikuwa kipya. Kilikuwa tayari ni kiwango cha Jumuiya, kimekubaliwa na nchi zote. Kipya kilikuwa kuulizwa ghafla, siku moja, mpakani, na wale ambao hakuna aliyewapelekea kipimo kijijini. Mwenye magunia thelathini alilipa deni la miaka mingi ya serikali kutofanya kazi yake.

Tunaogopa lebo za lishe zitakuja kwa mlango huo huo. Leo kuna mwanamke Mbale anayesaga karanga, anazifunga kwenye kopo na kuzivusha Lwakhakha. Kuna mwingine Jinja anayekaanga krispi za viazi kutoka Kapchorwa. Wakishapata alama ya ubora ya shirika la viwango la Uganda, UNBS, bidhaa zao zinapaswa kupokelewa Kenya bila kupimwa upya, kwa kuwa nchi za Jumuiya zimekubaliana kutambua alama za wenzao. Kenya ikianza kudai alama yake ya onyo mbele ya pakiti, Uganda ikakaa kimya au ikabuni yake yenye umbo jingine, mwanamke huyo atahitaji kopo mbili: ya kuuza Mbale na ya kuuza Bungoma. Kiwanda kikubwa kitachapa aina mbili bila kuhema. Yeye huchapa lebo mia tano kwa wakati mmoja, tena kwa mkopo.

Na asijidanganye mtu kwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Cheti hicho kinakuondolea ushuru wa forodha. Hakikuondolei viwango. Ofisa akisema lebo yako haijakamilika, dola 2,000 au dola 20, mzigo unabaki upande wa pili.

Jumuiya tayari inacho kiwango cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, na kingine cha kueleza virutubisho, EAS 803. Sheria ya Jumuiya ya viwango ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama zikipokee kiwango cha Jumuiya ndani ya miezi sita baada ya kutangazwa. Vyombo vipo. Basi alama ya mbele ya pakiti iandikwe humo, iwe moja, kabla kila mji mkuu haujachora ya kwake. Ipewe muda wa mpito unaoeleweka, tuseme miaka mitatu kwa wazalishaji wadogo, na serikali ziwapimie bidhaa zao mara ya kwanza bila malipo, maana kipimo kimoja cha maabara kinaweza kumaliza faida ya mwezi. Chakula cha hotelini kiko nje ya viwango hivi, na kwa sasa kibaki nje.

Isipokuwa kwa wakubwa. Migahawa ya minyororo inayofungua matawi kutoka Nairobi hadi Kampala ina mapishi yaliyoandikwa, mizani jikoni na mhasibu anayejua kila yai limekwenda wapi. Hao wanaweza kuandika kalori na chumvi kesho asubuhi, na hatuoni sababu ya kuwasubiri. Tungependekeza kigezo cha matawi kumi ndani ya Jumuiya nzima, si ndani ya nchi moja, ili mtu asijifiche nyuma ya mpaka ambao sisi wengine tunaambiwa umeondolewa.

Yuko atakayeuliza: kama mnawaachilia vibanda vidogo, na ndiko watu wengi wanakokula, mmefanya nini? Ni hoja nzito, na hatuna jibu lake kamili. Lakini Jinja na Mbale ni majiji tangu Julai 2020, na halmashauri zake zina maofisa wa afya wanaopita hotelini. Wanaangalia choo, maji, cheti cha afya cha mpishi. Safi kabisa. Wakati wa kuhuisha leseni, ofisa huyo huyo anaweza kumwonyesha mpishi mambo mawili yasiyohitaji namba: kutoa kikopo cha chumvi mezani hadi mteja akiombe mwenyewe, na kumwaga mafuta ya kukaangia yakibadilika rangi na kuanza kutoa povu. La pili ni gumu, tunakiri. Mafuta ni ghali, na kumwambia mtu amwage lita moja ya mafuta ni kumwambia amwage faida ya siku. Ndiyo maana tunasisitiza kijiko: anayekaanga kwa mafuta machache habaki na mengi ya kurudia.

Kuna pia wanaosema mfanyabiashara ni mtu mzima, aachwe ale anachotaka. Tunakubali aachwe. Ila hakuna anayenunua mzigo Kikuubo au Eldoret bila kuuliza umetoka wapi na una uzito gani. Mtu huyo huyo, akifika mezani, anakula asichokijua kwa sababu hakuna aliyeweka habari hiyo karibu naye. Tunachoomba ni apewe habari ile ile anayoidai kwenye gunia.

Rasimu za viwango hutolewa kwa maoni ya umma kabla hazijapitishwa, na mara nyingi maoni yanayofika ni ya viwanda vikubwa na vya washauri wao, kwa sababu wao ndio wanaojua kwamba rasimu imetoka. Vyama vya wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Lwakhakha vina makatibu na vina simu. Viandikie UNBS upande wa Uganda na KEBS upande wa Kenya sasa, kabla ya rasimu, viombe kutumiwa nakala kwa Kiswahili. Na serikali ya Kenya, kabla ya kuchapa alama yake ya kwanza, iipeleke kwenye kamati ya viwango ya Jumuiya pamoja na tarehe ambayo mzigo usio na alama hiyo utaanza kuzuiwa, tarehe itakayotangazwa mwaka mzima mapema, kwenye redio za pande zote mbili za mpaka.